Mashua ya futi 20 na masika ya Kunduchi: kwa nini hatukuivisha faiba

Mashua yenyewe ni ya mbao, urefu futi 20, upana futi 6, mlingoti mmoja, tanga moja, injini haina. Inafanya kazi kati ya Kunduchi, Dar es Salaam, na kisiwa cha Mbudya: mishipi, nyavu ndogo, na siku za sikukuu watoto wa ukoo hupelekwa kuogelea. Machi 2025, masika ikiwa imekaribia, mwenye chombo alikuja na swali moja. Alikuwa na fedha kidogo aliyoiweka tangu kaskazi (upepo wa kaskazini) ilipoanza. Je, aivishe mashua faiba (ngozi ya nyuzi za kioo na rezini) nje yote asahau habari za kalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba, au aitengeneze kwa mbao kama alivyokuwa akifanya baba yake?

Swali hili linaulizwa karibu kila diko, yaani bandari ndogo ya wavuvi, kuanzia Mbweni na Ununio hadi Msasani na Mjimwema, na watu hulijibu wakitazama bahari peke yake. Wanaulizana mbao gani inastahimili maji, rangi gani inazuia magamba. Msimamo wangu ni mwingine, na kisa hiki kimenipa nguvu ya kuusema wazi: mashua ya mbao inayopumzishwa masika inauawa na maji ya mvua yanayotuama ndani yake. Bahari inakuja baadaye kumalizia. Asiyeanza na mvua atapoteza fedha yake, avishe faiba au asivishe.

Mvua kwa lita

Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi unaoongoza, kwa wastani milimita 200 na ushei. Mashua hii ikiachwa wazi ina mdomo wa mita za mraba 8 hivi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Piga hesabu: milimita 200 zinaingiza lita 1,600 ndani ya mwezi mmoja, yaani zaidi ya tani moja na nusu ya maji matamu. Mvua moja ya usiku ya milimita 80 inatosha kuacha lita 640 kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo), na mwenye chombo yuko nyumbani Tegeta anasubiri barabara ipitike.

Chumvi inailinda mbao. Kuvu wanaoozesha mbao hawapendi mbao iliyoshiba chumvi, ndiyo maana mabaharia wa majahazi wameosha sitaha kwa maji ya bahari tangu zamani. Kuvu hao wanataka unyevu, hewa na joto kwa pamoja. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Mbao iliyozama kabisa nayo haiozi kwa kuvu, maana hewa haipati. Inayooza ni ile inayolowa, ikakauka nusu, ikalowa tena. Kuhusu joto, kuvu wengi wa aina hii hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30, na Dar es Salaam ya Aprili iko hapo hapo.

Hapo ndipo maelekezo ya wenzetu wa nchi za baridi yanapotupoteza. Wao hupandisha boti zao nchi kavu majira ya baridi wakikimbia barafu, wakazifunga kwa plastiki kuanzia juu hadi chini. Kwao inafanya kazi kwa sababu baridi yenyewe inawalaza kuvu. Mwenye chombo wetu alikuwa amekwisha nunua turubai zito la plastiki kwa nia hiyo hiyo, kulivuta hadi chini ya ukingo na kulifunga kamba. Ukifanya hivyo Kunduchi, jua likitoka baada ya mvua mvuke unapanda, unagonga plastiki, unadondoka tena juu ya mataruma, mbavu za ndani za mashua. Ndani yake panakuwa mahali pazuri pa kuotesha uyoga.

Ilivyokutwa

Kwa nje mashua ilikuwa nzuri. Rangi ya bluu ya mwaka uliopita, hanamu (mti wa mbele) imenyooka, mishono imezibwa na puti safi. Mtu anayenunua kwa macho angelipa bila kuuliza.

Fundi mzee tuliyemwita hakuanza na nje. Aliingia ndani, akachukua mpini wa nyundo akagonga mbao moja moja akisikiliza. Mbao nzima inajibu kwa sauti kali na fupi. Iliyooza inatoa sauti nzito isiyo na mlio. Palipomtilia shaka alisukuma ncha ya msumari kwa mkono. Kwenye mbao ya mninga iliyo hai msumari unagoma mara moja. Karibu na mkuku, mti mkuu wa chini, upande wa nyuma, uliingia kama kwenye muhogo uliopikwa.

Sababu ilikuwa wazi tukiitazama. Miaka kadhaa nyuma mashua ilianza kuvuja pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, na mtu fulani akamwaga saruji ndani ya ngama, kati ya mataruma, kuzima uvujaji. Nimeiona dawa hii kwenye madau na mashua nyingi mno. Kwa miezi michache inaonekana kama muujiza, kwa sababu maji yanakoma kweli. Lakini saruji haijipindi na mbao inajipinda. Mashua ikipigwa na mawimbi mawili matatu, ufa mwembamba unajitokeza kati ya saruji na ubao, maji yanazama humo na hayatoki tena. Na kibaya zaidi, saruji inaziba vile vitundu vilivyo chini ya kila taruma, ambavyo kazi yake ni kuyapitisha maji hadi mahali pa kuyakumbia. Kila taruma linageuka kuwa ukuta, na kila nafasi kati ya mataruma inakuwa bakuli la maji ya mvua ambalo upo wa kukumbia maji haufiki chini yake.

Tuliivunja saruji kwa patasi na nyundo ndogo, polepole, kwa sababu misumari ilikuwa imeshikana nayo. Chini yake: vipande vya ubao wa kwanza vyenye urefu wa futi 5 vimegeuka kahawia na kukatika kwa vidole, mataruma mawili yameoza miguu, misumari kadhaa imebaki nyuzi za kutu. Mkuku wenyewe, alhamdulillahi, ulikuwa umeliwa juu juu tu. Fashini, mti wa nyuma unaobeba usukani, ilikuwa na ufa wa kuanzia juu, nao ulitokana na maji ya mvua kuingia kwenye kichwa chake kisichofunikwa.

Kwa nje, chini ya mstari wa maji, tulikuta pia vitundu vidogo kama vya sindano ya kushonea. Hivyo ni vya yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Kwa maumbile ni jamaa wa chaza, ana vijigamba viwili mdomoni anavyosagia. Anaingia akiwa mdogo kuliko punje ya uwele, anakua humo humo, na njia zake hazionekani kwa nje. Bahari yetu ina joto mwaka mzima, kwa hiyo miezi michache inatosha kuuharibu ubao usiopakwa kitu. Kwa bahati vitundu vilikuwa vichache.

Mazungumzo ya faiba

Mwenye chombo alipoona hayo alizidi kuitaka faiba. Namwelewa. Mtu aliyeona ubao ukikatika kwa vidole anataka kitu kigumu kinachozunguka chombo chote.

"Babu, si ndiyo maana nasema tuivishe? Ikishavishwa haina pa kuingilia."

"Mjukuu wangu, mbao hii imenyweshwa sifa tangu baba yako kijana. Hiyo gundi itashika wapi?"

Hoja ya fundi ni ya kweli kuliko hoja zote ninazozijua juu ya jambo hili. Sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, hupakwa kwenye mbao miaka nenda miaka rudi ili zisinywe maji. Yanaingia hadi kiini. Rezini ya faiba inahitaji mbao safi, kavu, isiyo na mafuta. Unaweza kupiga msasa hadi uone mbao nyeupe, jua likipanda mafuta yanatoka tena. Rezini ya poliesta, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayouzwa kwa wingi, hushika mbao kwa udhaifu hata ikiwa kavu, na hujikunja kidogo inapokauka. Epoksi hushika vizuri zaidi, lakini bei yake ni mara kadhaa.

Tuseme mafuta yasingekuwepo. Mashua ya mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu inaishi kwa kucheza. Ubao ukilowa unanenepa upande wa upana wake, ukikauka unanywea, na mishono yake inafunga na kufungua. Ngozi nyembamba ya faiba juu ya mbao kama hizo hupasuka kwenye mishono. Kisha maji ya mvua ambayo hayana njia ya kutoka kwa ndani yanakaa kati ya faiba na mbao, na hapo kuoza kunakwenda kasi bila mtu kuona. Nimeona mashua iliyovishwa ikiwa inang'aa kwa nje, ukiikanyaga ndani mguu unazama.

Sitaki nieleweke kwamba naichukia faiba. Boti iliyojengwa yote kwa faiba ni jambo jingine kabisa, na serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za namna hiyo miaka ya karibuni. Haziliwi na mdudu wala kuvu. Mtu anayejenga chombo kipya kwa mbao kavu na epoksi tangu siku ya kwanza naye yuko salama. Kisa chetu ni cha mashua ya zamani, yenye mafuta, yenye misumari ya chuma, iliyolowa. Kwa hiyo, faiba hapana. Mwenye chombo alikaa kimya kidogo, akasema sawa, lakini akataka fedha aliyoiokoa iende kwenye kitu kitakachoonekana. Ombi hilo lilikuwa halali na tulilizingatia.

Mahali pa kuiweka

Hili watu hulipita haraka nami naliona ndilo nusu ya ulinzi wote. Bamvua (maji ya bahari kujaa sana) kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Mwaka 2025 mwezi mwandamo wa Machi ulikuwa tarehe 29, na kesho yake mwezi ulikuwa karibu zaidi na dunia katika mzunguko wake, kwa hiyo bamvua la siku za Idi lilitarajiwa kupanda juu kuliko la katikati ya Ramadhani. Mashua ilikuwa inapandishwa katikati ya Ramadhani. Mwenye chombo alitaka kuiacha hatua chache juu ya alama ya maji ya siku ile. Alama ile ilikuwa ya uongo kwa wiki mbili zijazo. Ongeza mawimbi ya kusi (upepo wa kusini) yanayoanza, na ongeza kwamba ufukwe wa Kunduchi umekuwa ukiliwa na bahari kwa miongo mingi, uchimbaji wa mchanga mitoni ukiwa miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mchanga uliosimamia leo unaweza usiwepo Mei.

Na kuna dhoruba. Pwani yetu haipigwi na vimbunga mara nyingi, lakini tazama tarehe za vile vinavyokumbukwa. Kile kilichoiharibu Zanzibar mwaka 1872 kilikuja Aprili. Cha Lindi mwaka 1952, Aprili. Jobo mwaka 2021 kilielekea pwani ya Dar es Salaam mwishoni mwa Aprili kikiwa kimekwisha nguvu. Hidaya kilifika upande wa Mafia tarehe 4 Mei 2024. Vyote viko ndani ya miezi ile ile tunayopumzisha vyombo. Tangu Hidaya, vijana wa diko wameanza kufuata taarifa za upepo na mawimbi za Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa simu zao, na hilo limenifurahisha.

Basi mashua ilipandishwa alasiri, bamvua likiwa limejaa. Hapa kwetu bamvua kwa kawaida hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, ndiyo saa watu wakiwa na swaumu wamechoka kabisa, na bado walikuja wengi. Iliviringishwa juu ya magogo hadi nyuma ya mstari wa minazi, ikasimamishwa kwa magadi (miti ya kuegemeza chombo) pande zote mbili, hanamu ikainuliwa juu kuliko nyuma kiasi cha shubiri mbili. Mwinamo huo ndio unaoyapeleka maji yote mahali pamoja. Pale pa chini kabisa, karibu na fashini, fundi alitoboa tundu la inchi moja na kulichongea kizibo cha mbao. Nchi kavu kizibo kinatolewa na kufungwa kwa kamba kwenye usukani ili kisisahaulike siku ya kushusha. Tundu hilo, naamini, ndilo lililoikoa mashua kuliko kitu kingine chochote tulichofanya, na halikugharimu kitu.

Mlingoti ulishushwa. Mlingoti ukiachwa umesimama unaubeba upepo bure, tena maji ya mvua yanateremka juu yake hadi kwenye kikalio chake chini, na kikalio ndicho huoza cha kwanza.

Banda

Turubai la plastiki lilipata kazi nyingine. Juu ya mashua lilijengwa banda la nguzo nne na paa la makuti, ukingo wa paa ukipita ubavu wa mashua kwa dhiraa moja kila upande. Pembeni wazi. Makuti yanapumua, hayamwagi mvuke, na upepo wa kusi unapita chini yake moja kwa moja juu ya ngama. Turubai lilitandazwa juu ya mgongo wa paa peke yake, mahali ambapo makuti ya kwanza huvuja, likafungwa kwenye nguzo. Kulishindilia kwa mawe nilikukataa. Upepo ukilichukua, jiwe linaangukia ubao.

Kazi ya mbao

Mashua ilisafishwa nje kwa maji ya bahari na kukwanguliwa magamba, kisha ikaachwa ikauke chini ya banda. Mdudu wa mbao hufa akikosa bahari kwa wiki kadhaa. Kukaa nchi kavu ni dawa kwake. Fundi hakuridhika na hilo, na siku moja ya jua alifunga makuti makavu kuwa mienge akaipitisha chini ya mashua, haraka, bila kusimama mahali pamoja, mpaka mbao zikatoa jasho. Hiyo ni kazi ya mtu anayeijua. Anayejaribu mwenyewe anaweza kuchoma mishono, au banda zima.

Ubao wa kwanza ulikatwa futi 7, kupita mwanzo na mwisho wa kuoza, ukawekwa wa mninga uliokauka tuliopata Keko. Miguu ya mataruma mawili ilikatwa na kuungwa mataruma mapya pembeni yake. Zamani mataruma yalikuwa ya mikoko. Siku hizi kukata mikoko bila kibali ni kosa, na ni haki iwe hivyo, maana mikoko ndiyo inayoshikilia kilichobaki cha ufukwe huu. Fundi alipata tawi la mwembe lenye kona ya asili, akalichonga kwa tezo.

Misumari mipya yote ni ya chuma kilichopakwa zinki. Mwenye chombo alikuwa ameletewa skrubu za shaba nyeupe, nzuri kwa macho, na zikarudishwa. Metali mbili tofauti zikikaa karibu kwenye maji ya chumvi, ile dhaifu inaliwa. Misumari ya zamani ya chuma ingeisha kwa ajili ya kuzilinda skrubu mpya. Kila msumari ulizungushiwa pamba iliyochovywa kwenye sifa chini ya kichwa chake kabla ya kupigwa, kama ilivyofanywa tangu enzi za majahazi makubwa.

Kalafati ilikuwa ya pamba na mafuta ya nazi, ikiingizwa kwa chembeu, patasi butu ya kazi hiyo. Hapa fundi alimzuia kijana wake mara kwa mara: mashua ikiwa kavu mishono iko wazi kuliko itakavyokuwa baharini, na kijana mwenye nguvu hujaza pamba mpaka itokeze. Siku ubao utakaponenepa hautakuwa na pa kwenda, utasukuma misumari. Pamba ishikiliwe imara, isibanwe.

Vile vitundu chini ya mataruma vilifunguliwa vyote na kupanuliwa kidogo, na mnyororo mwembamba ukapitishwa ndani yake kutoka mbele hadi nyuma. Ukiuvuta mara mbili tatu takataka zinaondoka na maji yanapita.

Chini ya mstari wa maji tulipaka deheni: chokaa ya mfuko na shahamu ya ng'ombe kutoka machinjio ya Vingunguti, iliyoyeyushwa na kupakwa ikiwa moto. Wengi wameiacha kwa sababu inataka kurudiwa kila baada ya miezi michache, na rangi ya kuzuia magamba yenye shaba inadumu zaidi. Ni kweli inadumu zaidi. Lakini rangi hiyo inataka mbao isiyotoa mafuta, tatizo lile lile la rezini, na deheni inaelewana na sifa. Oili chafu ya magari, ambayo wapo wanaoipaka kwa sababu ni ya bure, niliikataa kabisa. Inachafua maji wanamokulia samaki wetu, na mdudu haimsumbui kama wanavyodhani.

Ndani, mbao zilipakwa sifa tu. Hakuna rangi ndani ya ngama. Rangi inaficha kile unachotakiwa kukiona.

Tanga, na yale yatakayoonekana

Tanga la zamani lilikuwa la kitambaa cha plastiki kilichofumwa. Jua linakula plastiki hiyo haraka kuliko upepo, hasa likiachwa limefungwa kwenye foromali (mti unaobeba tanga) mchana kutwa. Mwenye chombo alishonesha jipya la poliesta nzito, na hapo ndipo sehemu kubwa ya fedha aliyoiokoa ilikwenda. Tanga la zamani halikutupwa: sehemu nzima ilikatwa na kushonwa tanga dogo la kusi. Hili ni jambo ninalolipigania. Vyombo vyetu havina desturi ya kupunguza tanga likiwa juu. Nahodha wa zamani alibadilisha tanga lote kulingana na majira, na leo wengi wana moja tu wanalokwenda nalo kaskazi na kusi. Watu wanazama kwa sababu hiyo. Matanga yote mawili yalisuuzwa, yakaanikwa kivulini, yakaning'inizwa darini mbali na panya.

Kapi la henza (kamba ya kupandishia tanga) lilibadilishwa, lile la mbao lililokwaruza kamba likaondolewa. Chini ya mabenchi ya mbele na nyuma yalifungwa madumu 8 ya lita 20, matupu na yaliyozibwa, kwa wavu na kamba. Kila moja linainua karibu kilo 20. Mashua ya mbao ikijaa maji haizami kirahisi, lakini inakaa chini sana mpaka huwezi kuyakumba. Kilo 160 za kuinua zinauleta ukingo juu ya maji na watu wanapata pa kuanzia. Mwenye chombo alitaka nafasi hiyo kwa samaki. Mkewe, aliyekuja kuleta chai, alimuuliza kama amesahau nani hupanda siku ya Idi, na madumu yakabaki.

Kushusha

Mashua ilishushwa bamvua la mwishoni mwa Juni, kusi likiwa limetulia asubuhi. Ilivuja, kama ilivyotarajiwa, kwa sababu mbao zilikuwa bado hazijanenepa. Iliachwa ikae kwenye maji ya kina kifupi, nanga mbele na kamba nyuma, ikikumbwa asubuhi na jioni. Siku ya tatu mishono yote ilikuwa imefunga isipokuwa mmoja, pale ubao mpya wa mninga unapoungana na wa zamani upande wa kulia. Ilipwelezwa maji yalipotoka, pamba ikaongezwa kidogo, ikashika. Gharama yote, pamoja na tanga, ilikuwa chini ya ile aliyotajiwa kwa faiba peke yake. Iliyobaki ni ukaguzi na leseni ya TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini), ambavyo kila chombo kidogo kinatakiwa kuwa navyo, na maboya ya kuvaa kwa kila anayepanda.

Tulipoitazama chini ya banda katikati ya Mei, mvua zikinyesha, ngama ilikuwa kavu kiasi cha kuweka kiganja bila kulowa. Tanga na madumu vitasifiwa na wapita njia, lakini kilichoilinda mashua ni tundu la inchi moja, mwinamo wa shubiri mbili na paa lililoachwa wazi pembeni.

Fashini hatukuibadilisha. Ufa wake ulijazwa sifa na kichwa chake kikavishwa kofia ya bati ili mvua isiingie tena, lakini itabidi ibadilishwe. Gogo la mvule la kuichongea limekwisha nunuliwa. Lina unene wa inchi 3, nalo bado bichi. Ubao mnene namna hiyo unataka karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ukauke vizuri kivulini. Limelazwa juu ya vipande vya mbao nyuma ya nyumba ya mwenye chombo, ncha zake zimepakwa rangi ili zisipasuke, na tarehe imeandikwa ubavuni kwa mkaa. Mpaka hapo bati litakaguliwa kila masika, kabla ya mvua ya kwanza.